Landrova Iliyoliwa na Chumvi

Wiki iliyopita nilimwita fundi aje akate bawaba za geti langu, zilikuwa zimekufa kwa kutu. Alipowasha grenda na cheche za kwanza kuruka, harufu ikanifuata mpaka jikoni. Harufu ya kutu inayoungua, kali, inayokausha koo. Nikasahau vitunguu kwenye kikaango mpaka vikawa vyeusi. Mume wangu akauliza kuna nini, nikamwambia hakuna kitu. Na kweli hakukuwa na kitu, ila kwa muda ule sikuwa mama mtu mzima wa Tunduma mwenye magoti yanayouma. Nilikuwa nimelala chali chini ya Landrova ya babu yangu, bisibisi mkononi, unga wa kutu ukinidondokea machoni.

Wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kulilia mambo ya zamani. Nikisikia mtu wa rika langu anaanza kusema zamani watoto walikuwa na adabu, naondoka, maana nakumbuka vizuri tulivyokuwa waongo. Mimi nilisema uongo mmoja mkubwa utotoni, na niliusema kwa chaki.

Tulikuwa tunakaa Mpemba, karibu na Tunduma, pale barabara ya Ileje inapochepuka. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea. Alichomelea mageti, matela, matrekta, chochote cha chuma kilichovunjika. Tulipanga vyumba viwili kwa mzee mmoja asiyetaka mpangaji aongeze hata banda la kuku. Mama aliwahi kusimamisha miti minne ya jiko la nje, mwenye nyumba akaja kuing'oa kwa mikono yake mwenyewe. Uwanja mkubwa tulikuwa nao, lakini wa kuanikia mahindi na nguo tu.

Babu, baba yake Baba, alikuwa peke yake milimani huko Ileje, mwendo wa kutosha kutoka Itumba. Bibi alikuwa ameshatangulia. Ujana wake wote Babu aliendesha Landrova yake akishuka bondeni mpaka Ivuna kuchukua chumvi, anaipandisha milimani, anaiuza kijiji kwa kijiji. Watu wazima wa kule walimwita Mzee Chumvi. Kisha gari likafa, naye akazeeka, na macho yakaanza kupoteza nuru. Mwaka mmoja habari zikatufikia kwamba amejimwagia uji wa moto mguuni kwa sababu hakuona bakuli limeishia wapi. Baba akasema imetosha, anakwenda kumchukua.

Hapo lazima niwaeleze jambo moja, la sivyo hamtaelewa. Babu na Mama walikuwa hawasemeshani. Babu alipokuja kututembelea alikaa nje karibu na geti, mkoba juu ya magoti, amegeuzia nyumba mgongo. Mama akimwona anakuja alizunguka nyuma ya nyumba. Akitaka kupita uani alijifunika kanga kichwani mpaka usoni na kupita ameinama. Na kila walichotaka kuambiana kilipitia kwangu.

"Tumpe," Mama alikuwa ananiita kwa jina langu, hatua kumi tu kutoka alipokaa Babu, "mwambie babu yako chakula kipo tayari."

Nami nageuka. "Babu, chakula kipo tayari."

"Mwambie mama yako nimeshukuru."

"Mama, Babu ameshukuru."

Wote wamesikia! Wana masikio kama watu wengine! Jioni Babu hakulala kwetu hata siku moja, alikwenda kulala kwa mzee wa kanisa ng'ambo ya barabara. Mimi nilikuwa na miaka tisa au kumi, na kwa akili zangu jambo lilikuwa wazi kabisa: wamenuniana. Wamegombana zamani kwa jambo kubwa, na Mama hataki kumwona. Sikuuliza. Nilimpenda Babu kupita kiasi, nikachagua upande wangu, nikakaa nao.

Basi Baba akaenda Ileje kumchukua Babu, akarudi na gari badala ya Babu. Lilikuja limelazwa juu ya lori la mbao. Wanaume wanane walilishusha kwa magogo na kamba mpaka katikati ya uwanja wetu, wakanawa mikono, wakanywa togwa, wakaondoka. Mama alikuwa ameshafua shuka za mgeni na kuzungumza na mzee wa kanisa. Alisimama mlangoni akiangalia lile gari.

"Baba yuko wapi?" akauliza, yaani Babu.

"Amekataa," Baba akasema. Alikuwa amechoka na amekasirika. "Ameniambia, chukua gari kwanza. Ukilitengeneza likakaa vizuri, mimi nitalifuata. Nimembembeleza siku tatu. Mzee mkaidi yule! Anajimwagia uji, haoni hata moto, lakini anataka nimfuate na Landrova yake ndiyo ashuke."

Mama alijifuta mikono kwa kanga. Aliangalia gari kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani. Mimi nikaona uso wake nikausoma nilivyotaka: amefurahi kwamba Babu hakuja.

Mwanzoni sikuona shida iko wapi. Gari lilikuwa na rangi ya kijani iliyopauka, limebonyea huku na huku, vioo viwili hakuna, turubai la nyuma limeoza. Lakini bodi haikuwa na kutu. Nilikwangua kwa ukucha nikaona bati jeupe, linang'aa. Nikamwambia Baba gari zima hili, tia mafuta tuondoke.

"Hiyo bodi ni alumini," akasema, "haishiki kutu hata uiache mvuani miaka ishirini. Bodi ni nguo tu, mwanangu. Mwili uko chini."

Akamwita Fundi Silwamba aje kutazama. Huyu alikuwa bingwa wa chesisi za malori. Kwao ni Nakonde, ng'ambo ya mpaka, lakini mama yake alikuwa Mnamwanga wa upande wetu na yeye mwenyewe alikula zaidi Tunduma kuliko kwao. Alivua shati, akaingia chini na nyundo, akaanza kugonga. Chuma kizima kikigongwa kinaitika, sauti inabaki hewani kidogo. Hiki kilikuwa kinajibu pwa, pwa, mahali kikiitika, mahali pengine pwa tena. Silwamba akatoka na kipande cha kutu kiganjani, kinene, kinachomeguka kwa tabaka.

"Awe, mwandi," akakataa kwa lugha ya kwao akitikisa kichwa. "Hili mzee, mulitupe. Chumvi imelila lote."

"Chumvi gani?" Baba akauliza. "Baba yangu alilipaka oili chini kila Jumamosi. Mimi mwenyewe nilimsaidia nikiwa mdogo."

"Ndiyo hiyo sasa."

Akamwonyesha. Kwa miaka yote ile magunia ya chumvi mbichi ya Ivuna yalikuwa yakichuruzika maji kupitia sakafu, yanaingia ndani ya chesisi. Babu alijivunia usafi, kila Jumamosi alilipaka chini oili chafu, tabaka juu ya tabaka, ili maji yasipite. Hakuosha kwanza. Nani angepoteza maji ya kuchota mtoni kuosha uvungu wa gari? Oili ikakauka ikawa gamba jeusi, na ndani ya gamba chumvi ikabaki inakula taratibu, haina pa kutokea. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kile kipande cha kutu, akakilamba. Kilikuwa na chumvi bado.

Fundi mwingine angeishia hapo. Lakini Baba alikuwa na baba yake milimani anayepapasa moto. Akasema hatatupa gari kwa sababu ya kelele za nyundo, atalipima shubiri kwa shubiri. Akaninunulia chaki pakiti nzima. Kazi yangu ilikuwa kuingia chini kila siku nikitoka shule, kukwangua gamba la oili, na kuchoma chuma kwa ncha ya bisibisi kila baada ya shubiri moja. Ikiingia, nachora msalaba. Ikikataa, nachora duara. Tukimaliza tutahesabu. Misalaba ikizidi maduara, gari linakatwa skrepa na yeye atapanda milimani kumwambia Babu limekufa. Maduara yakizidi, atalichomelea.

"Wewe mwembamba, unaingia kila mahali," aliniambia.

Sijawahi kupewa kazi yenye heshima kama ile. Nililala chini na gunia mgongoni, kitambaa kichwani, kutu ikinijaa puani, na siku ya kwanza nilifanya kazi ya haki kabisa. Bisibisi iliingia, ikaingia tena, ikaingia. Mara nyingine ilipita mpaka mpini, na unga mwekundu ukamwagika shingoni kwangu. Jioni Mama alitokea dirishani.

"Leo misalaba mingapi?"

"Kumi na minne. Maduara sita."

"Mungu wangu," akasema, akafunga dirisha.

Mimi nikasikia furaha ndani ya ile sauti. Nawaambieni, mtoto akishaamua jambo, hata kilio atakisikia kama kicheko. Usiku ule niliwaza: Mama anataka gari life ili Babu asije. Kesho yake nikaingia chini, bisibisi ikazama kwenye chuma kama kwenye kiazi kilichoiva, nami nikachora duara.

La kwanza liliniogopesha. La tano halikuniogopesha tena. Nilijitungia hata sheria, kwamba pale inapoingia kwa shida kidogo nisiseme imeingia, halafu pale inapoingia bila shida nikasema hiyo ni oili tu, chuma kiko nyuma. Wiki ikaisha, Baba akalala chini na tochi akahesabu. Maduara yalikuwa yamezidi kwa mengi. Alitoka pale chini akiwa mtu mwingine. Alinibeba, mimi msichana mkubwa, akanizungusha uwanjani.

"Linapona!" akasema. "Silwamba anajua malori tu. Linapona hili!"

Sasa nikiwa mkubwa kuliko alivyokuwa yeye wakati ule, nimeulizwa na binti yangu kuhusu Baba: hivi babu hakujua? Fundi wa miaka yote ile anategemea mkono wa mtoto? Nami nimefikiria sana. Baba hakuwa mnene, chini ya lile gari angeingia bila taabu. Bisibisi angeisukuma yeye mwenyewe, na mkono wake ulikuwa unapinda nondo. Naona alichagua mkono dhaifu kuliko yote nyumbani mwetu, ili upate matundu machache. Hakutaka kujua. Hilo simlaumu, maana hata mimi sikutaka.

Alichomelea karibu mwezi mzima, kila jioni baada ya kazi za watu. Alikata mabati mazito akaziba penye misalaba, penye maduara akapita. Nyumba nzima ilinuka kutu inayoungua. Mama alilalamikia nguo kwenye kamba kuwa nyekundu, lakini alimpelekea chai palepale chini, kikombe kwenye sahani, na hilo lilinishangaza kidogo.

Kisha ikaja Jumamosi ya kulinyanyua ili kufunga springi za nyuma. Magurudumu yalikuwa yametolewa, Baba akayalaza chini ya gari kama alivyofanya siku zote, kwa tahadhari. Akaweka jeki chini ya chesisi upande wa kushoto, akaingiza bega kuangalia, akaanza kupampu. Gari likapanda kidogo. Likapanda tena. Halafu nikasikia mlio ambao si wa chuma kuvunjika, ni mlio wa gunia kuchanika, na jeki ikapita ndani ya chesisi ikatokea juu. Gari likashuka lote. Likapinda mgongo katikati, pua juu na mkia chini, likaangukia yale magurudumu.

Nilipiga yowe. Mama alitoka akikimbia na mwiko mkononi. Baba alijivuta kutoka chini, bega limechunika na damu inatoka, mzima. Magurudumu ndiyo yalimwokoa, si kingine. Alikaa chini akipumua, kisha akageuka akatazama pale jeki ilipopita. Kipande cha chesisi kilikuwa kimening'inia nje, na juu yake kulikuwa na duara la chaki, zuri, nimelichora kwa uangalifu.

"Tumpe," akasema. "Hapa ulichoma?"

"Nilichoma."

"Ikaingia?"

Nikaangalia damu begani kwake. "Iliingia, Baba. Iliingia yote."

Nilingoja kipigo. Nilikitaka kabisa, kingenisaidia. Hakunipiga. Alifuta lile duara kwa kiganja, polepole, mpaka likaisha. "Basi limekufa," akasema. Akaingia ndani akavaa shati, akaenda kuwatafuta vijana wa skrepa.

Walikuja Jumatatu, watatu, na mkokoteni na nyundo kubwa. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya pipa la maji, nalia bila sauti. Nilijua nimeua kila kitu: nimekaribia kumuua Baba, gari limekufa, na sasa Baba atapanda milimani kumwambia Babu habari, na Babu atabaki kule mpaka siku atakayoangukia moto. Kijana wa kwanza akapandisha nyundo juu ya mlango wa gari.

"We! Shusha hiyo nyundo!"

Alikuwa Mama. Unga mpaka viwikoni. Sijawahi kumsikia akipaza sauti mbele ya wanaume.

"Mama Tumpe," Baba akasema kwa upole, "chesisi imekatika. Umeona mwenyewe. Gari hili haliendi popote."

"Nani amekuambia baba anataka kwenda popote?"

Baba akawaashiria vijana wasubiri.

"Mara ngapi amekuja hapa?" Mama akaendelea. "Analala wapi? Kwa watu! Mzee ana mtoto wake wa kumzaa, analala kwa watu kama mpita njia, kwa sababu mimi nipo. Chini ya paa langu hawezi kulala, na wewe unajua, au umesahau kwamba wewe ni Mndali? Mkwe na mkwe hawakai paa moja. Kumjengea banda hatuwezi, mwenye nyumba ataling'oa. Sasa mzee amefikiria peke yake kule milimani, ametuletea paa lake mwenyewe, limebebwa kwenye lori mpaka uwanjani kwako. Na wewe mwezi mzima unatafuta injini!"

Wale vijana wa skrepa walikuwa wanatazamana. Baba akakaa kwenye ukingo wa mkokoteni wao, akajishika kichwa, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipotoka hayakukoma haraka. "Mbona hakusema?" akawa anauliza. "Mbona mzee hakusema?"

"Angesemaje?" Mama akasema. "Akwambie wewe, namwogopa mke wako?"

Mimi nikatoka nyuma ya pipa. Kamasi zinanitoka, nikamuuliza Mama mbele ya watu wote: "Kwani hamjagombana?"

"Nani?"

"Wewe na Babu."

Mama alinitazama kama mtu anayeona kidonda ambacho hakujua kipo. "Jamani huyu mtoto! Tugombane lini? Sijawahi hata kumwangalia usoni." Akanifuta kamasi kwa kanga yake yenye unga. Nililia palepale tena, safari hii kwa sauti, maana nilikuwa nimemchukia mama yangu miezi mizima bure.

Vijana waliambulia injini na chesisi ya mbele. Vilivyobaki, yaani bodi nzima, Baba na Silwamba walivipandisha juu ya matofali, vikakaa sawa kwa pima-maji. Silwamba alikuwa anacheka muda wote, akisema hajawahi kufunga gari lisiloenda. Waliweka sakafu ya mbao za masanduku ya malori ya mpakani, kitanda kirefu upande mmoja, rafu, ndoano ya koti, turubai jipya na dari ya magunia chini yake ili joto lisimuunguze. Mabati ya bodi Mama aliyasugua kwa majivu mpaka yakawa meupe. Mwenye nyumba alikuja, akalizunguka mara mbili akitafuta kosa.

"Hili ni nini?"

"Gari," Baba akasema.

"Linakwenda?"

"Bado tunalitengeneza."

Na ndivyo alivyomjibu kila mwezi, miaka yote.

Kilichowapotezea muda zaidi kilikuwa kuligeuza. Mwanzoni mkia wenye mlango ulitazama jikoni. Mama akasema hapana, kwa hiyo wakalishusha tena, wakaligeuza kwa magogo siku nzima mpaka mlango ukatazama ua wa michongoma. Hivyo Babu angekaa mlangoni kwake akiota jua, naye Mama angepita uwanjani kwenda kisimani bila kujifunika.

Babu alikuja wiki ileile alipopata habari. Hakungoja kuchukuliwa. Alishuka na gari la abiria kama mtu yeyote, mkoba mmoja na fimbo, mimi na Baba tukampokea barabarani. Nilimwongoza mpaka kwenye Landrova yake. Alilipapasa lote kuanzia pua, mlango, kioo, akainama akapapasa matofali chini. Nikadhani atauliza injini iko wapi. Alifika nyuma, akashika mlango, akageuza uso huku na huku, akasikiliza sauti za jikoni zikitokea upande wa pili.

"Mmelielekeza vizuri," akamwambia Baba.

Hakusema neno lingine kuhusu gari lile. Alikaa humo. Alikula vizuri, akanenepa, akawa anagombana na Silwamba juu ya mambo ya barabara za zamani. Mimi niliendelea kuwa mjumbe, mwambie babu yako, mwambie mama yako, ila sasa niliifanya kazi ile kwa kujidai. Baba alimpeleka hospitali ya macho, wakaambiwa wamechelewa. Ni presha ya macho, kilichokwisha kuharibika hakirudi. Mwaka wa pili aliona mwanga tu. Wa tatu hata mwanga hakuuona.

Nilipoingia darasa la saba tulianza kusoma mpaka jioni, chakula cha mchana cha Babu sikuweza kukipeleka tena. Sikujiuliza nani anakipeleka. Siku moja tulirudishwa mapema, mwalimu alikuwa na msiba. Niliingia kwa upande wa michongoma, na kabla sijafika nikasikia Babu anazungumza. Nikasimama.

Mama alikuwa amepiga magoti nyuma ya Landrova, kanga imeshuka mabegani, kichwa wazi. Alikuwa ameshika mkono wa Babu, anauelekeza: huu ugali, hii mboga, hapa maji. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na uso wa Babu, na alikuwa anamwangalia. Anamwangalia vizuri, kama mtu anayetazama picha ya ndugu yake. Babu naye alikuwa ameelekeza yale macho yake yasiyoona moja kwa moja kwake.

"Asante, Tumpe," Babu akasema.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye michongoma na daftari zangu. Nilikuwa na sauti nene tayari na mikono ya msichana wa miaka kumi na mitatu. Yule mzee alikuwa anamtambua kila mtu kwa hatua zake toka barabarani.

Akala matonge mawili. "Mwambie mama yako," akasema, "mboga ya leo imenikumbusha ya marehemu bibi yako. Mwambie namshukuru kwa yote. Siku zote nilitaka kumwambia."

Mama alimsogezea maji. Kisha akajibu kwa sauti nyembamba, sauti yangu ya zamani, ile ya kubeba ujumbe:

"Nitamwambia, Babu."